Tuko tisa Kisumu, tunataka kujitolea kwa wakimbizi Kiryandongo wiki mbili: tuanzie wapi?

MsaidiziNyalenda (Kisumu) anauliza:

Wadau, hamjambo. Kikundi chetu kina watu tisa: wauguzi wawili, walimu wawili wa shule ya msingi, fundi wa pampu za maji, fundi cherehani, na vijana watatu wenye nguvu za kazi yoyote. Tunalenga makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, Uganda, wiki mbili za Agosti shule zikifungwa.

Tumekusanya marobota sita ya mitumba, katoni nane za maziwa ya unga ya watoto wachanga (kila katoni makopo 12 ya gramu 400), na dawa mchanganyiko kutoka kwa wenye maduka ya dawa. Ukitoa nauli na malazi, tunabaki na KSh 240,000.

Tunaomba kujua kibali hutoka wapi, mpakani tujiandae vipi, vitu vivuke namna gani, na kila mmoja afanye kazi gani itakayoendelea kufaa hata tukisharudi. Tena wapo wanaosema twende Palabek badala ya Kiryandongo kwa sababu Waluo na Waacholi husikizana. Lina ukweli hilo?

WakalaWaMpaka (Busia) anajibu:

Ndugu, kibali kwanza, gari baadaye. Watu wengi hufika Bweyale, mji ulio kando ya makazi, na gari limejaa, wakazuiwa kwenye ofisi ya makazi kwa kukosa barua moja tu.

Makazi ya wakimbizi Uganda yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, idara ya wakimbizi, Kampala. Mtu binafsi haombi na kupewa, wala kikundi kisichojulikana. Kinachoombewa ni kazi, na anayeomba ni shirika ambalo tayari lina ruhusa ya kufanya kazi pale ndani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupata mwenyeji: shirika la Uganda, la kimataifa, au la wakimbizi wenyewe lililosajiliwa. Mwandikieni barua ya ukurasa mmoja yenye majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, taaluma ya kila mtu, tarehe ya kuingia na kutoka, kazi itakayofanywa na nani atakayebaki akiiendeleza. Yeye ndiye atakayeipeleka Ofisi ya Waziri Mkuu. Mkishapewa barua ya ruhusa, mnaripoti nayo kwa mkuu wa makazi (pale wanamwita komandanti), kisha kwa mabaraza ya wakimbizi wenyewe, ambayo yana ngazi tatu, kuanzia mtaa hadi makazi yote. Msiruke mabaraza. Komandanti anaweza kuwaruhusu na bado msipate mtu hata mmoja wa kuwaonyesha kisima kilichoharibika. Jipeni miezi miwili ya maandalizi. Mkianza Julai kwa safari ya Agosti mmechelewa.

Mpakani, Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini nawashauri mbebe pasipoti kama mnazo, kwa sababu hata kusajili laini ya simu kule huwa rahisi zaidi. Kumbukeni kwamba muhuri wa mgeni hautoshi kuwa ruhusa ya kufanya kazi. Mwenyeji aulize uhamiaji mapema kama kazi yenu inahitaji pasi maalum, hasa wauguzi. Busia na Malaba ni vituo vya pamoja: mkielekea Uganda, maafisa wa nchi zote mbili mnawakuta kwenye jengo la upande wa Uganda, mnamalizia ukumbi mmoja.

Kuna "kadi za njano" mbili, na watu huzichanganya kila siku. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, cha kila abiria. Nyingine ni bima ya COMESA ya gari, inayokwenda na namba ya gari. Gari likiwa la kukodi, ongezeni nakala ya logibuku na barua ya mwenye gari inayomtaja dereva. Gari la abiria lina vibali vyake vya kuvuka, kwa hiyo mwenye gari awaonyeshe karatasi kabla hamjalipa arubuni.

Kila mmoja wenu pia achukue cheti cha mwenendo mwema. Mnaomba kwa eCitizen, mnalipa KSh 1,050, mnachapisha fomu C24 na kupigwa alama za vidole. Shirika lolote makini litakiuliza kabla halijawaruhusu karibu na watoto. Lisipouliza, jiulizeni ni shirika gani hilo.

Sasa mitumba. Mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki ana utaratibu mwepesi wa cheti rahisi cha asili kwa mzigo usiozidi dola 2,000, na ndio unaowafanya watu waseme "vitu vya msaada havilipi ushuru." Cheti hicho ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya. Shati lililoshuka Mombasa ndani ya robota halina asili ya Kenya, hata likikaa soko la Kibuye, Kisumu, mwaka mzima. Msamaha wa ushuru kwa misaada upo, lakini huombwa na shirika linalopokea, kabla mzigo haujafika, na mzigo huandikwa kwa jina la shirika hilo. Bila hilo mtatozwa kama wafanyabiashara, au mzigo ulale ghala la forodha huku siku zenu kumi na nne zikikatika. Yauzeni hayo marobota hapo Kibuye Jumapili, mbebe pesa. Bweyale ni mji wa soko, nguo zipo, na wanaouza wengine ni wakimbizi hao hao. Robota la bure likifunguliwa katikati ya soko lao, aliyekopa mtaji wa kuuza nguo anakosa wateja kwa wiki kadhaa.

SistaWaWodi (Kakamega) anajibu:

Wakala amesema vyema. Mimi nashika afya, na naanza na maziwa ya kopo kwa sababu ndiyo yanayoweza kuua.

Msiyabebe. Mtoto asiyenyonya hutumia takriban kilo 20 za maziwa ya unga kwa miezi sita ya kwanza. Makopo yenu 96 ni kilo 38.4. Hayatoshi hata watoto wawili. Kinachotokea ni hiki: makopo mawili mawili hugawiwa mama arobaini, hamsini. Mama anampa mtoto chupa siku nane au kumi, mtoto ananyonya ziwa kidogo, na ziwa lisiponyonywa maziwa hupungua. Kopo linaisha. Sasa hana kopo wala maziwa yake ya kutosha, na muda wote huo chupa ilioshwa kwa maji ya mtungi na unga ukatiwa maji mengi ili udumu. Kinachofuata ni kuhara na utapiamlo. Ndiyo maana mashirika ya afya hukataa msaada wa maziwa hayo, na kanuni ya kimataifa ya 1981 inabana utoaji wake wa bure. Wapo watoto wanaoyahitaji kweli, kama yatima asiye na wa kumnyonyesha, lakini hao husimamiwa na kliniki ya lishe mmoja mmoja. Warudishieni waliotoa, mwaeleze sababu.

Dawa mchanganyiko nazo ziacheni. Uganda ina mamlaka yake ya dawa, na dawa haiingii bila idhini yake. Hata idhini ikipatikana, dawa za msaada zinatakiwa ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Za kwenye rafu za maduka, zilizotolewa kwa sababu zinakaribia tarehe, hazifiki hapo.

Wauguzi wetu wawili: leseni ya Kenya haiwaruhusu kugusa mgonjwa Uganda. Baraza la wauguzi na wakunga la kule lazima liwasajili kwa muda, nalo huchukua wiki kadhaa. Kwa wiki mbili sioni faida ya kuhangaikia hilo. Kaeni na wahudumu wa afya wa vijiji, wale wanaoitwa VHT, ambao wengi ni wakimbizi, mrudie nao mambo matatu hadi mikono izoee.

La kwanza ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kipimo cha maji. Zipo pakiti za lita moja na za nusu lita, na zinafanana. Pakiti ya lita moja ikimiminwa kwenye chupa ya soda ya nusu lita, chumvi inakuwa mara mbili, na mtoto anazidi kukauka badala ya kupona. Kila mhudumu asome pakiti kwa sauti, kisha atafute chombo cha nyumbani kinachofika lita moja kamili na kukitia alama. Yakishachanganywa hutumika ndani ya saa 24, yanayobaki humwagwa. Mtoto chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, aliyezidi hapo 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe, polepole. Akitapika, subirini dakika kumi muendelee. Zinki huenda pamoja: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Mama wengi huacha zinki mtoto akipata nafuu siku ya tatu, kwa hiyo hilo lirudiwe.

La pili ni utepe wa mkono wa kupima utapiamlo, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Katikati hutafutwa mkono ukiwa umekunjwa, lakini kipimo husomwa mkono ukining'inia umelegea. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa wastani. Utepe ukivutwa hadi ngozi ikunjamane, mtoto mzima atasomeka mgonjwa. Ukilegea, mgonjwa atarudishwa nyumbani. Wapimeni watoto kumi, wahudumu wawili kila mtoto bila kuonana, kisha mlinganishe. Wakitofautiana zaidi ya nusu sentimita, anzeni tena.

La tatu, dalili za hatari kwa mama mjamzito na mtoto mchanga, na nani wa kupigiwa simu usiku. Hilo mtalipanga na kituo cha afya cha pale.

Kwenu wenyewe: chanjo ya homa ya manjano huhesabika halali siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchomwa Jumatatu ya safari hakusaidii. Mkishachanjwa mara moja ni ya maisha, utaratibu uliobadilika 2016. Mjamzito, mwenye mzio mkali wa mayai, aliyezidi miaka 60 au mwenye kinga dhaifu amwone daktari kwanza. Malaria ya ukanda ule ni kali, na kukulia kando ya ziwa hakumfanyi mtu mzima asiugue, hasa aliyekaa Nairobi miaka kadhaa. Neti yenye dawa ni lazima. Anayetumia doksisaiklini kuzuia malaria hunywa miligramu 100 kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuondoka hadi wiki nne baada ya kurudi, kwa chakula na maji mengi. Wengi huacha wakishafika nyumbani, na malaria huwapata wiki ya pili. Mjamzito asiitumie.

FundiPampu (Ugunja) anajibu:

Hapa kwa fundi wenu ndipo naona thamani kubwa ya safari hii, ila atahitaji kujua mapema kwamba pampu za kule si za kwetu.

Fundi wa Siaya, Busia au Kakamega mara nyingi amezoea Afridev: bomba la plastiki, fito za kufunga kwa ndoano, spana moja, na pistoni unaivuta juu bila kung'oa bomba. Uganda imejaa U2, ambayo ni India Mark II ya kule: kichwa chenye mnyororo, mkono wenye beringi, na mabomba ya chuma ya milimita 32 yaliyounganishwa kwa nyuzi kila mita tatu. Bomba lake ni jembamba kuliko silinda, pistoni haipiti ndani yake. Raba ya pistoni ikichakaa, mnang'oa kila kitu. Kisima cha mita 40 kina mabomba 13 au 14, na pamoja na fito na maji yaliyomo uzito hukaribia kilo 200. Mkono ukiteleza, bomba linatumbukia kisimani na kisima chenyewe kimekwisha. Kwa hiyo ni watu wanne, vibano viwili vya bomba, tripodi yenye kapi, na bomba halifunguliwi kabla kibano cha chini hakijakazwa. Zipo pia U3, zenye bomba pana la milimita 65, ambazo pistoni hutoka peke yake. Fundi aulizie mapema visima anavyopewa ni vya aina gani, ndipo aandae vifaa. Akifika na sanduku la Afridev, atakaa wiki mbili akitazama.

Kabla ya kufungua chochote, pimeni. Chukueni ndoo yenye alama za lita. Pampeni hadi maji yatoke vizuri, kisha pampeni mara 40 kwa dakika moja, mpime kilichoingia. Pampu nzima hutoa takriban lita 15. Halafu iacheni dakika 30 bila kuguswa, mpampe tena mkihesabu. Maji yakichelewa hadi mmepampa zaidi ya mara tano, yanarudi chini: ama valvu ya chini ya silinda haifungi, ama unganisho la bomba linavuja. Maji yakiwahi kutoka lakini yakawa kidogo, ni raba za pistoni. Mkono ukiwa mwepesi kama haujabeba kitu, fito imekatika au imefunguka. Mkono ukicheza kushoto na kulia, beringi. Vipimo hivyo viwili, dakika arobaini hivi zote, vinawaambia kama mnahitaji tripodi au hapana.

Lita 15 nazo zina maana yake. Kiwango cha dharura kinachotumiwa na mashirika ni watu wasiozidi 500 kwa pampu moja ya mkono, na kila mtu angalau lita 15 kwa siku. Hizo ni lita 7,500. Pampu inayotoa lita 15 kwa dakika, yaani 900 kwa saa, inazimaliza kwa saa nane na kidogo. Raba zikichakaa ikashuka hadi lita 8, zinahitajika karibu saa kumi na sita za kupampa bila kupumzika. Hapo ndipo foleni inaanza saa kumi alfajiri, wasichana wanasimama gizani, wenyeji na wakimbizi wanagombana, na wengine wanaenda kuteka kinamasini. Raba za pistoni ni kitu kinachojaa kwenye kiganja.

Tatizo la pili, kubwa zaidi, ni kutu. Maji ya visima vingi vya ukanda ule yana asidi kidogo. Yakiwa chini ya pH 6.5 hula zinki iliyopakwa bombani, kisha hula chuma. Asubuhi maji ya kwanza hutoka mekundu, nguo nyeupe hushika madoa, na chai hugeuka nyeusi kama wino kwa sababu madini ya chuma hukutana na majani ya chai. Watu hawaugui kwa hilo, lakini wanakiacha kisima. Kubadilisha raba kwenye bomba lenye kutu ni kupoteza pesa. Bomba likiwa limetoboka kwenye nyuzi, badilisheni kwa la chuma kisichoshika kutu au la plastiki ngumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa bajeti yenu, shughulikieni visima vichache mkavimalize. Kumi vilivyoguswa nusu nusu vitarudi kufa kabla ya Krismasi.

Mkishafunga, kisima lazima kisafishwe kwa klorini, kwa sababu mikono, kamba na mabomba yamelala chini. Hesabu iwe hivi: bomba la kisima la kipenyo cha milimita 125 lina takriban lita 12.3 kwa kila mita. Maji yakisimama mita 40, ni lita 490. Mnalenga miligramu 50 za klorini kwa lita, hivyo gramu 24.5. Unga wa klorini wa asilimia 70 mtautumia gramu 35. Tieni unga kwenye ndoo ya maji, kamwe msimwage maji juu ya unga. Vaeni glavu na miwani, simameni upande upepo unakotoka. Acheni vitulie, mmimine maji ya juu, machicha yabaki. Pampeni hadi harufu ifike mdomoni mwa pampu, kisha fungeni mkono kwa mnyororo na kufuli, saa nne kwa uchache, bora usiku kucha. Pale kisimani aachwe mtu anayejua lugha za watu, kwa sababu kufuli bila maelezo hukatwa. Asubuhi pampeni maji yamwagwe mbali na mimea hadi harufu iishe. Tangazeni siku mbili kabla, kila nyumba ijaze mitungi.

La mwisho kwangu: fundi wenu asifunge mwenyewe. Kila wilaya ina mafundi wake wa pampu wanaotambuliwa. Amtafute mmoja, na wakimbizi wawili waliochaguliwa na kamati ya maji, angalau mmoja mwanamke. Kisima cha kwanza afanye yeye wakitazama, cha pili wafanye wakisaidiwa, cha tatu wafanye peke yao naye akae mbali kimya. Vibano, spana za bomba, kapi na raba za akiba vibaki kwa kamati, vikiwa vimeandikwa kwenye daftari.

MwalimuWaLanet (Nakuru) anajibu:

Kuhusu lugha. Kidholuo na Kiacholi ni ndugu kweli. "Adi" ni ngapi kwote, "nying" ni jina kwote, na maji yanafahamika bila mkalimani. Lakini mtoto ni "nyathi" kwenu na "latin" kwao, na ukishukuru utasikia "apoyo" badala ya "erokamano." Kwa salamu na sokoni mtafika. Kwa kipimo cha dawa msijaribu, chukueni mkalimani mumlipe. Palabek, iliyofunguliwa 2017 wilaya ya Lamwo, iko Acholi na wakimbizi wake wengi ni wa Sudan Kusini, wakiwemo Waacholi. Kiryandongo ni mchanganyiko: Wasudan Kusini wa makabila mengi, na tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, watu wengi kutoka Khartoum wanaosema Kiarabu. Anayetaka kutumia Kiswahili aende magharibi, Nakivale au Kyangwali, kwenye Wakongo. Huko napo atasikia "mayi," "bintu," "batu" na "juu ya nini?" na akivizoea siku mbili anaelewa.

Msisahau kwamba Kiryandongo ilipokea Wakenya pia. Waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 waliingia Uganda, wakakaa kituo cha Mulanda, Tororo, kisha wakahamishiwa huko 2008. Nawaeleza hivyo ili msiingie kama wafadhili. Ingieni kama majirani.

Walimu wetu: kalenda ya Uganda haiendi na yetu. Muhula wao wa pili kwa kawaida hufungwa katikati au mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo mkiwa likizoni wao wako kwenye mitihani. Mwalimu mgeni anayeingia darasani siku hizo anavuruga. Kaeni na walimu wasaidizi wa kikimbizi baada ya saa za shule: namna ya kufundisha kusoma darasa lenye watoto zaidi ya mia, kugawa makundi, kutumia vizibo na mawe kwa hesabu. Watoto waliosomea Kiarabu huanza kuandika kutoka kulia. Mwalimu asiyejua hilo humwita mtoto mzito.

Picha: hapana. Mtu aliyekimbia anaweza kuwa anatafutwa, na sura yake ikiwa nyuma ya tabasamu lenu kwenye Facebook, imeshafika. Kikundi kikitaka ushahidi wa pesa za wachangaji, kipige picha ya kisima, risiti na daftari la vifaa. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto, na mapenzi na yeyote anayepokea msaada hayaruhusiwi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 2003 ziko wazi: kwa aliye chini ya miaka 18 hakuna kisingizio cha ridhaa. Msomeni hilo kwa sauti pamoja kabla ya kuondoka, vijana watatu wakiwemo.

Tena msigawe chakula barabarani. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilianza kuwapanga wakimbizi kwa kiwango cha uhitaji 2023, na waliotolewa kwenye orodha wana uchungu. Unga mliogawa kwa mkono mbele ya watu unaweza kuzua vurugu ambayo mwenyeji wenu atalipia.

MsaidiziNyalenda (Kisumu):

Asanteni sana, mmetufungua macho. Maziwa yanarudi, dawa zinarudi, mitumba inaenda Kibuye. Yamebaki matatu. Fundi cherehani na vijana watatu wafanye nini? Njia ipi kutoka Kisumu? Na kama Agosti imeshatuponyoka?

WakalaWaMpaka (Busia):

Njia: si lazima mpite Kampala. Pitieni Malaba, Tororo, Mbale, Soroti, Lira, Kamdini, mvuke Nile pale Karuma, mshuke Bweyale. Ni lami. Ila laleni njiani, msiendeshe usiku. Malazi yenu yawe mjini Bweyale, maana mgeni hutakiwa kutoka ndani ya makazi kabla ya jioni.

Vijana watatu: kisima kikishafunguliwa kuna zege la kuzunguka pampu, mfereji wa maji machafu na uzio wa mifugo. Lakini kibarua cha pale kifanywe na wakimbizi na kilipwe kwa kiwango cha mwenyeji wenu. Ndugu yangu, nauli ya vijana watatu kwenda na kurudi, na chakula cha wiki mbili, ingelipa siku nyingi za vibarua. Fikirieni waende sita.

SistaWaWodi (Kakamega):

Fundi cherehani aende. Wasichana wengi hukosa shule siku za hedhi. Afundishe kikundi cha washonaji waliopo kushona pedi za kufua: kitambaa laini cha pamba juu, tabaka mbili au tatu za taulo katikati, na kitambaa kisichopitisha maji chini. Mshono usipite katikati, maana kila tundu la sindano huvujisha. Upite ukingoni tu. Kitambaa cha chini kiwe cha rangi iliyokolea, ili mtu aweze kuianika juani bila aibu. Isipokauka kabisa huleta muwasho na maambukizi, kwa hiyo kila msichana anahitaji angalau nne, sabuni na ndoo yenye kifuniko. Nyuzi na vitambaa nunueni Bweyale, ili kikundi kijue pa kununua mkiondoka. Kinachovushwa kutoka Kisumu ni kile kitambaa cha chini tu, kama mwenyeji atasema hakipatikani.

FundiPampu (Ugunja):

Agosti ikiwaponyoka, lengeni Januari au Februari. Ni kiangazi kule, maji ya chini yameshuka, na kisima kinachotoa lita 15 Februari kitatoa mwaka mzima. Agosti ni mvua: barabara za ndani zina matope, tripodi inazama, na kisima kibovu hujificha kwa sababu maji yako juu. Mwulizeni mwenyeji awatumie namba za visima vilivyolala na urefu wa kila kimoja. Akiwapa hiyo orodha, leta hapa tuhesabu mabomba.